Haisomi, Haishiki, Haitoi Sauti: Kuoanisha Hedifoni za Bluetooth na Simu au Kompyuta

Mteja akirudi dukani na hedifoni isiyo na waya, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, malalamiko yake huwa moja kati ya matatu. Simu haisomi. Au inasoma lakini haishiki. Au imeshika, imeandika kabisa kwamba imeunganishwa, ila sauti haitoki. Muuzaji aliyechoka huyachukua yote matatu kuwa ugonjwa mmoja: anazima, anawasha, anabonyeza kitufe kwa nguvu, na ikishindikana anasema mzigo ule ulikuja mbovu. Kumbe mteja ameshafanya nusu ya kazi ya fundi. Kila kauli kati ya hizo inataja hatua yake, na kila hatua ina sababu zake za kugoma na dawa yake.

Hatua ya kwanza ni vifaa kuonana. Ya pili ni kupeana ufunguo wa siri na kuutunza. Ya tatu ni kufungua njia ya sauti. Hedifoni nyingi zinazoitwa mbovu zimekwama kwenye hatua mojawapo tu, na mwenye nayo anahangaika na hatua nyingine.

Redio mbili zinazorukaruka

Bluetooth ni redio. Ndani ya simu kuna redio ndogo ya kurusha na kupokea, na ndani ya hedifoni kuna nyingine. Zote hutumia masafa ya gigahezi 2.4, eneo la mawimbi ambalo nchi nyingi zimeliacha litumike bila leseni. Kwa kuwa ni la bure, limejaa. Wi-Fi nyingi zimo humo, kipanya na kibodi zisizo na waya zimo, na hata oveni ya maikrowevu huvujisha mawimbi humo humo.

Ili zisipotezane katika msongamano huo, redio za Bluetooth hazitulii mahali pamoja. Bluetooth ya kawaida, inayobeba muziki kwenye hedifoni nyingi zilizoko sokoni, imegawa eneo lake katika njia 79 zenye upana wa megahezi 1 kila moja. Vifaa viwili vilivyounganishwa huruka pamoja kutoka njia moja hadi nyingine mara 1,600 kwa sekunde. Mpangilio wa kuruka hukokotolewa kwa kutumia anwani ya kifaa kinachoongoza, ambacho kwa kawaida ni simu au kompyuta, pamoja na saa yake ya ndani. Tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003, vifaa huchunguza pia ni njia zipi zina kelele na kuziepuka.

Teknolojia hii ilianza kubuniwa katika kampuni ya Ericsson, Sweden, mwaka 1994, nia ikiwa kuondoa nyaya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba ziliunda umoja wa kuisimamia, na jina la Bluetooth, lililotoka kwa mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, likabaki. Kiwango kilichoandikwa na washindani wa kibiashara kina sehemu chache za lazima na nyingi za hiari. Ndiyo maana vifaa viwili vyenye nembo ile ile vinaweza kuelewana kwa muziki na visielewane kwa jambo jingine.

Simu haisomi

Hedifoni iliyowashwa si lazima iwe inaonekana. Ikiwaka, huwa katika hali mojawapo kati ya mbili. Katika hali ya kawaida hutafuta vifaa inavyovifahamu tu: huita simu iliyoitumia mara ya mwisho, na kifaa kigeni kikitafuta hapo karibu hakiioni. Katika hali ya kuoanisha hufanya kinyume chake. Hujitangaza kwa kila kifaa kilicho jirani, kwa dakika chache, kisha hunyamaza.

Hedifoni mpya nyingi huingia zenyewe katika hali ya kuoanisha zinapowashwa mara ya kwanza, na hapo ndipo watu hudanganyika. Siku ya kwanza ilikubali simu bila kuombwa. Mwezi mmoja baadaye mwenyewe anataka kuiunganisha na laptopu, anaiwasha, anatafuta, haimo kwenye orodha. Hedifoni ni nzima kabisa. Inaita simu yake ya siku zote, na pengine imeshaipata mfukoni mwa huyo huyo anayeitafuta.

Kwa hedifoni kubwa ya kuvaa kichwani, izime kwanza. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na usikiachie hata baada ya taa kuwaka. Endelea kushikilia kwa sekunde 5 hadi 7. Taa itabadilika. Badala ya kupepesa taratibu kwa rangi moja, itapepesa haraka, mara nyingi ikibadilishana bluu na nyekundu au bluu na nyeupe, na hedifoni nyingine hutamka kabisa kwamba ziko tayari. Wengi huachia kidole taa inapowaka mara ya kwanza, na hapo wanakuwa wameiwasha tu. Modeli nyingine zina kitufe cha pekee chenye alama ya Bluetooth, na hicho ndicho cha kushikilia.

Kwa spika ndogo za masikioni zinazolala ndani ya kasha, ziache zote mbili humo, fungua kifuniko, kisha shikilia kitufe cha kasha hadi taa yake ianze kupepesa. Kama kasha halina kitufe, basi kazi hiyo hufanywa kwa kugusa na kushikilia spika zenyewe, na muda wa kushikilia huandikwa kwenye karatasi iliyomo boksini. Karatasi hiyo ndogo inayotupwa na boksi ndiyo yenye siri ya modeli yako. Ipige picha kabla haijapotea.

Sababu ya pili ya kutosomwa ni hedifoni kuwa imeshashikwa na kifaa kingine. Nyumbani mhusika huwa tableti ya mtoto au televisheni ya sebuleni. Ofisini huwa laptopu iliyoachwa inawaka. Unafungua kasha, na kabla hujaitoa simu mfukoni, kifaa hicho kimeshaitikia. Zima Bluetooth ya kifaa hicho, kisha anza upya.

Sababu ya tatu ni orodha yenyewe. Ukitafuta ukiwa kwenye jengo lenye watu wengi, simu itakuletea majina ya televisheni za majirani, saa za mkononi na vifaa visivyo na jina ila herufi na tarakimu. Baadhi ya hedifoni huonekana kwa majina mawili yanayofanana, moja likianza na herufi LE. Hilo la LE ni la redio ya Bluetooth inayotumia nishati kidogo, ambayo kwenye hedifoni nyingi hutumiwa na programu ya mtengenezaji kubadilisha mipangilio. Anza na jina lisilo na LE. Kwa hedifoni nyingi za sasa ndilo linalobeba sauti.

Inasoma lakini haishiki

Ukigusa jina la hedifoni kwenye orodha, vifaa viwili huanza mazungumzo yasiyosikika na kutengeneza ufunguo wa siri wenye urefu wa biti 128. Zamani kazi hiyo ilitegemea namba uliyoandika mwenyewe, nayo kwa hedifoni karibu zote ilikuwa 0000 au 1234, siri ambayo kila mtu aliijua. Toleo la 2.1 la mwaka 2007 lilileta utaratibu mpya. Kila kifaa hutuma nusu ya hesabu yake hadharani, hubaki na nusu ya siri, na vyote viwili hufikia ufunguo mmoja bila ufunguo wenyewe kupita hewani. Kati ya simu na kompyuta utaonyeshwa tarakimu 6 pande zote mbili ili uthibitishe zinalingana. Hedifoni haina kioo cha kuonyesha chochote, kwa hiyo hatua hiyo hurukwa na vifaa vikakubaliana moja kwa moja. Hedifoni ya zamani ikikuomba namba hadi leo, jaribu 0000 kwanza.

Ufunguo ukishapatikana, kila upande huuhifadhi kwenye kumbukumbu yake pamoja na anwani ya mwenzake. Kuoanisha kumeisha hapo, na hakuhitajiki tena. Kinachotokea kila asubuhi ukiwasha hedifoni ni kuunganisha tu: upande mmoja unaita, mwingine unaitikia, kila mmoja anathibitisha kwamba mwenzake ana ufunguo ule ule. Kuoanisha hufanyika mara moja, kuunganisha hufanyika kila siku. Anayechanganya mambo haya mawili huoanisha upya kila mara na kujiletea matatizo ambayo hayakuwapo.

Tatizo kubwa la hatua hii ni ufunguo kupotea upande mmoja tu. Umeirudisha hedifoni kwenye hali ya kiwandani, lakini simu bado ina jina lake kwenye orodha. Au umesafisha kompyuta na kuiwekea Windows upya, lakini hedifoni bado inaikumbuka ile ya zamani. Ni sawa na mwenye nyumba aliyebadilisha kufuli bila kumwambia mpangaji: ufunguo upo, mlango upo, na havikubaliani. Simu itaandika kwamba imeshindwa kuunganisha, au itataja namba ya siri isiyo sahihi hata kama hukuandika namba yoyote.

Dawa ni kufuta pande zote mbili. Kwenye simu, ingia mipangilio ya Bluetooth, gusa alama iliyo pembeni ya jina la hedifoni, kisha chagua simu iisahau. Kwa simu iliyowekwa Kiingereza neno ni "Forget". Kwenye kompyuta, iondoe kwenye orodha ya vifaa. Halafu irudishe hedifoni kwenye hali ya kiwandani kwa mchanganyiko wa vitufe uliotajwa kwenye karatasi yake, na uoanishe kama mpya. Kufuta kwenye simu peke yake mara nyingi hutosha, ila ukifuta pande zote mbili huachi mashaka.

Wenye laptopu moja iliyowekwa Windows na Linux kwa pamoja hukutana na sura nyingine ya tatizo hilo hilo. Redio ya laptopu ni moja na anwani yake ni moja, kwa hiyo hedifoni huona kifaa kimoja. Lakini kila mfumo hutunza ufunguo wake. Ukioanisha ndani ya Linux, ufunguo mpya unafuta ule wa Windows kwenye kumbukumbu ya hedifoni, na ukirudi Windows haishiki. Wajuzi huunakili ufunguo kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Asiyetaka kazi hiyo anaweza kununua kijiti cha Bluetooth cha USB na kukitumia kwa mfumo mmoja tu, kwa kuwa kijiti kina anwani yake.

Kumbukumbu ya hedifoni nayo ina mwisho. Hedifoni nyingi za Sony, kwa mfano, hutunza vifaa 8, na cha 9 kikiingia, kimoja kati ya vya zamani hutolewa. Kwenye nyumba ambamo kila mgeni hujaribu spika mpya kwa simu yake, unaweza kukuta simu ya mwenye mali ndiyo iliyotolewa.

Spika mbili, sikio moja

Spika ndogo za masikioni zina oanisho la ziada ambalo wengi hawalijui: ya kushoto na ya kulia lazima zifahamiane zenyewe. Kwa muda mrefu utaratibu wa kawaida ulikuwa spika moja kupokea sauti yote kutoka kwenye simu na kuipitishia ya pili. Nyingi za siku hizi zina njia za kuwezesha zote mbili kupokea, lakini hata hivyo lazima ziwe zimekubaliana mapema.

Kwa spika za bei ndogo, makubaliano hayo huvunjika kirahisi. Moja inaisha chaji kabla ya nyingine, au inatolewa kwenye kasha peke yake na kuunganishwa na simu, na tangu siku hiyo simu inaona spika mbili zisizojuana. Muziki unatoka kulia tu, na orodha ina jina lile lile mara mbili.

Fuata mpangilio huu. Futa majina yote mawili kwenye simu na uzime Bluetooth ya simu. Rudisha spika zote mbili ndani ya kasha, na ukague kwamba kila moja inawasha taa ya chaji. Isiyowasha huenda ina vumbi au nta ya sikio kwenye sehemu za chuma za kuchajia, ifute kwa pamba kavu. Ziache zichaji. Fanya urudishaji wa kiwandani unaotakiwa na modeli yako, kisha zitoe zote mbili kwa wakati mmoja na uziache zitafutane bila simu kuziingilia. Mara nyingi utaona zote zinapepesa, halafu moja inazima taa na nyingine inaendelea. Hiyo inayoendelea ndiyo inayoisubiri simu. Sasa washa Bluetooth ya simu, na uguse jina moja tu.

Wakati wa kuoanisha, simu za Android huuliza pia kama unaruhusu kifaa kisome majina uliyohifadhi na kumbukumbu za simu ulizopiga. Ruhusa hiyo ina maana kwenye redio ya gari yenye kioo. Kwa hedifoni za kusikilizia muziki, ondoa alama ya tiki, hazitapoteza kitu.

Simu za kisasa hurahisisha hatua zote hizi kwa kidirisha kinachochomoza ukifungua kasha. Apple ilianza hivyo na AirPods mwaka 2016, Google ikaleta huduma yake kwa Android mwaka 2017, na Windows ikafuata mwaka 2018. Kidirisha hicho ni mlango wa haraka tu. Kikikataa kutokea, njia ya kawaida ya kupitia mipangilio bado ipo.

Zamu ya kompyuta

Kwa kompyuta, swali la kwanza ni kama ina Bluetooth. Laptopu nyingi za miaka ya karibuni zinayo. Kompyuta nyingi za mezani hazina. Kwenye Windows, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start na ufungue "Device Manager". Kama hakuna mstari wa Bluetooth hata kidogo, huenda redio haipo au draiva yake haijawekwa. Laptopu iliyowekewa Windows upya mtaani mara nyingi inakosa draiva tu, nayo hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu.

Kama redio haipo, kijiti kidogo cha USB kinatosha. Angalia tu unapokichomeka. Mwaka 2012 Intel ilichapisha waraka ulioonyesha kwamba milango na vifaa vya USB 3.0 hutoa kelele za redio katika masafa hayo hayo ya gigahezi 2.4. Kijiti kilichobanana na diski ya nje inayonakili mafaili kinaweza kukatakata muziki hata kama hedifoni iko umbali wa mkono. Kihamishe upande wa pili wa kompyuta, au tumia waya mfupi wa kurefusha USB.

Kuoanisha kwenyewe ni kufupi. Iweke hedifoni katika hali ya kuoanisha. Kwenye Windows 11 fungua "Settings", ingia "Bluetooth & devices", gusa "Add device", chagua "Bluetooth", na usubiri jina. Kwenye Mac, fungua mipangilio ya mfumo, ingia Bluetooth, na ubonyeze kuunganisha pembeni ya jina. Hapo watu wengi hufurahi mapema.

Imeshika, haitoi sauti

Kompyuta ina milango kadhaa ya kutolea sauti: spika zake, waya wa HDMI unaokwenda kwenye kioo, na sasa hedifoni. Kuunganishwa hakumaanishi kuchaguliwa. Kwenye Windows 11, shikilia pamoja kitufe cha Windows, Ctrl na V, kisha uchague hedifoni kwenye orodha inayojitokeza. Programu ya mikutano nayo ina chaguo lake la ndani linaloweza kutofautiana na la kompyuta, kwa hiyo kagua pote pawili. Kwenye simu, fungua maelezo ya hedifoni ndani ya mipangilio ya Bluetooth uhakikishe sauti ya muziki na sauti ya simu zote zimewashwa. Moja ikizimwa kwa bahati mbaya, hedifoni itapokea simu vizuri na kukataa muziki, au kinyume chake.

Kisha kuna tatizo linalowachanganya hata watumiaji wazoefu. Mwalimu anasikiliza muziki kwa hedifoni iliyounganishwa na laptopu, sauti ni nzito na safi. Anaingia kwenye kikao cha Zoom, na ghafla sauti inakuwa nyembamba, kama ya simu ya mezani. Akitoka kikaoni, usafi unarudi. Anadhani ni mtandao, au hedifoni ni feki.

Sababu ni kwamba Bluetooth ya kawaida ina njia mbili tofauti za sauti. Ya muziki, iitwayo A2DP, huenda upande mmoja tu, kutoka kompyuta kuja masikioni, kwa stereo. Ya mazungumzo, iitwayo HFP, huenda pande zote mbili, na kwa kuwa lazima ibebe pia sauti ya maiki, hubana kila kitu kuwa sauti moja kwa masikio yote mawili. Katika sura yake ya zamani HFP huchukua sampuli 8,000 za sauti kwa sekunde, na katika sura iliyoboreshwa 16,000. Diski ya CD huchukua 44,100. Programu yoyote ikiwasha maiki ya hedifoni, kompyuta hulazimika kuhamia njia ya mazungumzo, na muziki nao unahamishwa.

Suluhisho halihitaji kununua chochote. Kwenye Zoom, bofya mshale mdogo ulio karibu na alama ya maiki. Kwa spika chagua hedifoni. Kwa maiki chagua ya laptopu. Kwa kuwa maiki ya hedifoni haijaguswa, njia ya muziki inabaki wazi, nawe unasikia wenzako kwa sauti kamili. Ukiwa mahali penye kelele, ambapo maiki ya laptopu itachukua honi na mazungumzo ya watu, kubali sauti nyembamba au tumia maiki ya waya.

Kizazi kipya kiitwacho LE Audio, kilichotangazwa Januari 2020, kimeandikwa ili kuondoa mgawanyo huo. Hutumia ile redio ya nishati kidogo pamoja na mbinu mpya ya kubana sauti iitwayo LC3. Lakini pande zote mbili lazima ziwe nacho, hedifoni na kompyuta, redio na draiva. Boksi lenye maandishi "Bluetooth 5.3" halihakikishii chochote kuhusu LE Audio; tafuta maneno hayo yenyewe.

Hapo hapo kwenye boksi utakutana na majina ya kodeki, yaani mbinu za kubana sauti. SBC ni ya lazima kwa hedifoni zote zinazopiga muziki kwa njia ya A2DP. AAC ndiyo inayotumiwa na iPhone, na LDAC ya Sony hufika kilobiti 990 kwa sekunde. Kodeki hutumika ikiwa tu pande zote mbili zinayo. LDAC kwenye hedifoni haimfaidishi mwenye iPhone.

Sauti kuchelewa nyuma ya picha ni jambo jingine la kawaida. Kubana, kurusha na kufungua sauti huchukua sehemu ya sekunde. Programu nyingi za video hulijua hilo na huchelewesha picha kidogo ili vilingane. Mchezo wa kompyuta hauwezi kuchelewesha picha, na kinanda cha kidijitali hakiwezi kungoja, kwa hiyo wapiga kinanda na wachezaji wa gemu bado wana sababu nzuri ya kubaki na waya.

Simu na laptopu kwa pamoja

Hedifoni zenye uwezo wa kushika vifaa viwili kwa wakati mmoja zimekuwa nyingi. Huo uwezo hauondoi hatua ya kuoanisha: oanisha na simu, ingiza tena hedifoni katika hali ya kuoanisha, oanisha na laptopu, halafu iunganishe na zote mbili. Kwenye baadhi ya hedifoni lazima uwezo huo uwashwe kwanza ndani ya programu ya mtengenezaji. Sauti hutoka kifaa kimoja kwa zamu. Ukiona muziki wa simu unakatika kila baada ya muda, angalia laptopu: mlio mdogo wa ujumbe au video iliyofichika kwenye kivinjari ndio unaoiba zamu.

Kuhusu umbali, hedifoni nyingi hukusudiwa kufanya kazi ndani ya mita 10 hivi bila kizuizi. Ukuta hupunguza, na mwili wako pia, kwa kuwa una maji mengi na maji hunyonya mawimbi ya masafa haya. Spika ya sikio la kulia ikikatika simu ikiwa mfuko wa nyuma wa kushoto, hamisha simu kabla hujalaumu betri.

Usalama nao una tahadhari chache. Kataa ombi lolote la kuoanisha usilolianzisha wewe. Sasisha programu ya ndani ya hedifoni pale mtengenezaji anapotoa sasisho, kwa kuwa makosa huwa yapo. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba vifaa vingi vingeweza kulazimishwa kukubaliana ufunguo dhaifu wenye nguvu ya baiti 1 tu, na kiwango kikarekebishwa kudai angalau baiti 7. Ukiuza au kugawa hedifoni, irudishe kiwandani. Ukinunua iliyotumika, ifanyie hivyo kabla ya kuiunganisha na simu yako.

Baada ya yote hayo, hedifoni nyingine huwa zimekufa kweli. Kipimo ni kifaa cha pili. Irudishe kiwandani, kisha ijaribu kwa simu ya mtu mwingine ambayo haijawahi kuijua: ionekane, ishike, ipige muziki, ipokee simu. Ikipita kote huko na kugoma kwenye laptopu yako, mgonjwa ni laptopu, na kununua hedifoni nyingine hakutasaidia. Ikigoma kwenye vifaa viwili tofauti, na ilikuwa na chaji, irudishe dukani na risiti yake, na umwambie muuzaji ilipokwamia.